Usiku wa Jumatano

Mwanangu Fauzia,

Bahasha hii umeikuta kwenye mfuko wa mbele wa begi lako, pamoja na kitambulisho chako na karatasi ya kuingilia mtihani. Juu yake nimeandika: "Ndani mna kosa la babako." Sikuandika uifungue lini. Nilikwisha kushika kalamu niandike "baada ya mtihani", nikasita. Mwaka jana nilikuamulia Jumamosi yako, na tulikofika wakujua. Kwa hivyo kama unaisoma ndani ya basi, au umeshatoka kwenye chumba cha mtihani, ni hiari yako na mimi sina la kusema.

Leo ni Alhamisi, na Alasiri tumeshaswali. Wewe na mamako mmekwenda Sabaki kumuaga shangazi yako. Mimi niko peke yangu dukani mbele ya cherehani. Kanzu ya bwana harusi wa watu imening'inia haina mkono mmoja, nami naandika barua. Nina muda mpaka Magharibi, kwa kuwa muadhini wa msikiti wetu huu mdogo wa Shella ni mimi, na leo hakuna wa kunishikia zamu. Nimeshaharibu karatasi mbili.

Habari za kula, kulala, kujistiri na kutomwamini kila mtu, mamako ameshazimaliza. Nimemsikia akizikariri tangu asubuhi. Mimi sina uso wa kukuagiza kitu. Nina la kukiri.

Nianze na lile unalolijua. Mwaka jana, Ijumaa, ulikuwa umefunga begi kama ulivyofunga leo. Gari lilikuwa la saa nane, na mtihani wa ufadhili wa masomo kesho yake Mombasa. Ukaja hapa dukani kuchukua kitambulisho chako, ulichoniachia pamoja na ile karatasi nikutolee kopi. Nikakwambia hakitoki. Nikakitia pamoja na karatasi yako ya mtihani ndani ya droo ya cherehani, nikafunga, ufunguo nikautia mfukoni. Ukasema, "Baba, nimefanya nini?" Nikasema, "Wewe wajua." Ukasema, "Sijui. Niulize, baba. Niulize chochote nitakujibu." Nikasema, "Mimi nishajua, sina haja ya kuuliza."

Ulisimama pale mlangoni mpaka gari la saa nane likaondoka, kisha la saa tisa. Hukulia. Ningependa ungelia, ningepata pa kukukaripia. Jumapili nilipofungua droo ulikichukua kitambulisho bila kunitazama, na tangu siku hiyo wanipa shikamoo asubuhi, "ndiyo baba" na "la baba" mchana, basi.

Umeamini mwaka mzima kwamba sikutaka binti yangu asome. Mamako naye aliamini hivyo. Majirani pia, na wengine walinipongeza, Mungu awasamehe. Sikumkanusha mtu, kwa sababu ile niliyodhani ndiyo sababu ilikuwa na aibu zaidi, na niliona afadhali niitwe baba mkali kuliko wewe uitwe jina jingine. Sasa isikie.

Asubuhi ya Ijumaa ile alikuja Mwalimu Mutua, yule mwalimu wa hesabu wa kutoka Machakos ambaye suruali zake huwa nazipunguza kiuno. Akasema kwa furaha, "Mzee Athmani, nilimwona msichana wako Kilifi, pale stendi, usiku wa Jumatano. Alikuwa na kijana fulani, wameinamia kitabu hata hawakuniona. Huyo atafika mbali." Mwalimu alikuwa anakusifu. Mimi sifa sikuisikia. Nilisikia usiku wa Jumatano.

Wewe uliniaga hivi: Jumanne unalala Sabaki kwa shangazi, Jumatano unakwenda Kilifi kwa mama yako mdogo kufanya mazoezi ya mwisho, Alhamisi unarudi. Na kwetu, kama ujuavyo, siku huanza Magharibi. Jua likitua Jumanne, Jumatano imeshaingia, na usiku huo ndio usiku wa Jumatano. Mimi ndiye nitangazaye kila wiki kwa spika kwamba usiku wa Ijumaa kuna kisomo cha Yasini, na watu huja Alhamisi jua likishatua. Miaka hamsini na kitu sijauhesabu usiku vingine. Kwa hivyo mwalimu alipoutaja, hesabu yangu ilikuwa tayari: usiku ule Fauzia aliniambia yuko Sabaki, kumbe alikuwa stendi ya Kilifi na mwanamume.

Nikampigia simu shangazi yako. Sikumwambia kwa nini nauliza, nikajifanya nauliza tu. "Jumanne Fauzia alilala kwako?" Akasema, "Alikuja, tukala, kisha katoka baada ya Isha kenda kwa jirani kuchaji simu. Mie nilikuwa na homa, nikalala. Sikumsikia kurudi." Maneno hayo ukiyaweka peke yake hayasemi kitu. Ni mwanamke mgonjwa kapitiwa na usingizi. Lakini mimi nilikuwa nimeshayabeba ya Mutua kifuani, nikayasikiliza ya shangazi yako nayo yakiwa bado yamo. Yeye alisema hakusikia ukirudi. Mimi nikasikia kwamba hukurudi. Baada ya hapo ndipo nilipofunga droo.

Fauzia, mimi ni fundi. Mtu akija na kitambaa cha ghali akaniambia, "Kata tu, si wanijua?", simkatii mpaka nimpime, hata awe ndugu yangu. Wateja wamenuna, wengine wamenihama, na mimi na kipimo changu shingoni. Wewe nilikukata kwa kukisia. Na kitambaa kilichokwisha kukatwa, hata ukishone vipi, hakirudi kuwa jora.

Nakumbuka ulipokuwa na miaka sita au saba ulikuwa ukija kukaa hapa nikijitayarisha kwenda kuadhini, na siku moja ukaniuliza, "Baba, kwa nini usiku wa Ijumaa huja Alhamisi?" Nikakwambia, "Ndivyo ulivyo." Ukauliza, "Nani kasema?" Nikakwambia ukacheze. Laiti siku hiyo ningekaa nikalifikiri swali lako. Ningekujibu kwamba ndivyo tunavyouhesabu sisi, na wako watu, tena wazuri, wauhesabuo vingine. Lakini baba wa Shella kukiri hajui mbele ya mtoto ni kama kuvuliwa kofia sokoni.

Mwaka huu ukajiandikisha tena bila kuniambia. Mamako ndiye aliyenieleza: ufadhili ule haumpokei aliyepita miaka ishirini na tano, na mwakani wewe utakuwa umepita. Nafasi hii ya Jumamosi ndiyo ya mwisho. Usiku nilipokuwa sipati usingizi nilikuwa naiona ile droo.

Kisha nikaanza kukusikia nyuma ya pazia, mchana, ukimfasiria mamako maswali naye anachambua mchele. "Mama, sikiliza. Swali: kati ya Juma, Ali na Saidi, nani mrefu zaidi? Maelezo ya kwanza: Juma ni mrefu kuliko Ali. Maelezo ya pili: Saidi ni mfupi kuliko Juma. Je, maelezo haya yanatosha kujua?" Mamako akasema, "Juma huyo ndiye mrefu." Ukacheka, "Mama, sikuulizi nani! Nakuuliza kama yanatosha!" Nikasimamisha cherehani. Maisha yangu sikuwahi kusikia mtihani usiotaka jibu, unaotaka tu ujue kama unalo la kujibia.

Siku ambayo hukuwapo nikakichukua kitabu chako cha maswali. Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, kwa hivyo kamusi ilikuwa mapajani. Nikajifunza zile herufi tano. A, maelezo ya kwanza peke yake yatosha. B, ya pili peke yake. C, mpaka uyaunganishe. D, kila moja lajitosheleza. E, hata ukiyaunganisha huna kitu. Nikaandika majibu yangu pembeni kwa chaki ya kushonea nikidhani nitayapangusa, kisha akaja mteja, nikasahau. Ulirudi, ukayaona. Kesho yake nikakikuta kitabu juu ya cherehani, kimefunguliwa ukurasa mpya, na chaki yangu juu yake.

Sijui kama ulijua ilivyokuwa kwangu. Mzee mzima mwenye mvi, narudi kutoka kuadhini Alfajiri, kabla ya chai nakimbilia cherehani kutazama kama nimepata tiki. Nyingi sikuzipata. Swali moja liliuliza kama namba fulani ni shufwa. Maelezo ya kwanza yakasema ukiigawa kwa mbili inabaki moja. Nikaandika hayatoshi, kwa kuwa namba yenyewe si shufwa, ni witiri. Ukaandika chini kwa kalamu nyekundu, "Yanatosha. Hapana pia ni jibu." Nililitazama neno lile siku nzima, hata nikashona mfuko juu chini.

Lakini kosa langu la kila siku lilikuwa lile lile. Nikitoka maelezo ya kwanza nikaingia ya pili, nilikuwa nikiyasoma ya pili kana kwamba ya kwanza bado yako mbele yangu. Ukaandika neno moja: "Umebeba." Ukurasa wa pili: "Umebeba tena." Mpaka siku moja ukaandika kwa herufi kubwa, "BABA, TUA MZIGO KWANZA, KISHA SOMA." Nikacheka peke yangu mpaka mpita njia akachungulia. Lilikuwa "baba" la kwanza kwa mwaka mzima lisilotanguliwa na ndiyo wala la.

Sasa nifike kwenye siku ya suruali. Ni wiki tatu zilizopita. Mwalimu Mutua aliniletea suruali ya kupunguza, nikamwambia aje aichukue usiku wa Ijumaa, baada ya Magharibi. Alhamisi nikamngoja mpaka Yasini ikaanza bila mimi. Hakuja. Akaja Ijumaa, jua limetua, anatabasamu. Nikamvaa.

"Mwalimu, jana nilikungoja mpaka nikachoka!"

"Jana? Mzee, uliniambia usiku wa Ijumaa. Leo si Ijumaa? Na huu si usiku?"

"Usiku wa Ijumaa ulikuwa jana!"

"Jana ilikuwa Alhamisi, mzee wangu. Huo ni usiku wa Alhamisi." Akacheka. "Nyinyi watu wa pwani mna kalenda yenu."

Mimi sikucheka. Mkasi ulikuwa mkononi, nikauweka mezani. Nikakaa. Nikamuuliza lile ambalo nilipaswa kumuuliza mwaka mzima kabla, "Mwalimu, ile siku uliyomwona Fauzia Kilifi. Jua lililokuwa limetua, lilikuwa la Jumanne au la Jumatano?" Akaniona kama nimechanganyikiwa. "Jumatano. Nilikuwa natoka mkutano wa walimu." Nikauliza, "Na yule kijana, alikuwaje?" Akasema, "Mrefu, ana miwani. Alikuwa amembebea begi."

Haruni. Mtoto wa mama yako mdogo, nduguyo, katumwa na mamake akupokee stendi. Ulikuwa pale uliponiambia utakuwa, siku uliyoniambia, na mtu wa nyumbani. Hukunidanganya hata neno moja. Mwalimu naye hakusema uongo, wala shangazi yako. Watu wote mlisema kweli, nami nikazichukua kweli zenu nikazishona uongo, nikakuvika wewe.

Nilimwambia mamako siku hiyo hiyo. Hakunifokea. Alisema, "Usinikirie mie. Mwenye haki ni yule." Tangu hapo chai yangu ananiwekea na kuondoka. Wiki tatu kila siku nimefungua kinywa, nikakifunga. Nilijipa udhuru: nisimvuruge, ana mtihani. Na ni kweli, niliogopa kukuvuruga. Lakini liko jingine, na ndilo zito zaidi. Nilikuwa nimepata tena ukurasa kila asubuhi, na wino wako mwekundu, nikaogopa kwamba nikisema, asubuhi nitakuta cherehani tupu. Kwa hivyo nilikudhulumu mara mbili: mara ya kwanza kwa kutouliza, mara ya pili kwa kunyamaza.

Nisamehe, Fauzia. Wako watu husema "kama nimekukosea". Nimekukosea. Nilikunyang'anya mwaka, na kama Jumamosi mambo hayakwenda vizuri nitakuwa nimekunyang'anya zaidi ya mwaka, maana ungeufanya mwaka jana, nafasi hii ingekuwa akiba yako. Sina la kulipa. Majuto ni mjukuu, wasema, na mimi nimempakata huyu mjukuu wiki tatu, hanyamazi.

Kuhusu mtihani mwenyewe, sina la kumfundisha aliyenifundisha. Ila dogo hili, kwa kuwa nimelilipia. Neno gumu halitakupoteza. Ukilikuta utasimama, utalitazama, utalipima. Ogopa lile unalolijua mno. Mimi sikuangushwa na Kiingereza cha kitabu, niliangushwa na usiku na Jumatano, maneno niliyoyajua kabla sijaota meno. Ukikuta neno ambalo moyo wako unalipita mbio, rudi ulitazame tena kama la mgeni.

Na E usiionee haya. Mimi nilikuwa naikwepa. Nilidhani ni jibu la mvivu, la mtu aliyeshindwa. Angalia kurasa zangu za mwanzo, hamna E hata moja, hata pale ilipokuwa inaniita. Mtu mzima kusema "sijui, na haya niliyo nayo hayatoshi" kwataka moyo, kushinda kupandisha sauti. Ile Ijumaa ningeandika E, leo ungekuwa huko kwenye masomo yako, na mimi ningekuwa baba wa kawaida anayelalamika kwamba hupigi simu.

Jua limeshashuka kwenye dirisha, limegusa ile kanzu isiyo na mkono. Mtarudi sasa hivi. Nina swali moja la mwisho. Halimo kitabuni, nimelitunga mwenyewe, na nimelifanya kwa chaki juu ya meza kabla ya kuandika mstari huu.

Swali: Je, Fauzia atarudi nyumbani?

Maelezo ya kwanza: amechukua nguo zake zote, hata kanga za kulalia. Kabati ni tupu.

Maelezo ya pili: kitabu amekiacha juu ya cherehani ya babake, kimefunguliwa ukurasa ambao bado haujafanywa, na chaki juu yake.

Nimeyasoma ya kwanza peke yake, yakaniuma. Nikatua mzigo kama ulivyoniagiza. Nikayasoma ya pili peke yake, nikafurahi furaha ya kitoto. Kisha nikayaunganisha. Mkono ulikuwa unakwenda kuandika C, na nyuma ya hiyo C nilikuwa nimeshaficha jibu nilitakalo. Nimeuzuia. Nimeandika E. Ukurasa ule ulioniachia sijaugusa.

Nakuomba unipe maelezo ya tatu, utakapokuwa tayari. Ndiyo au hapana. Hapana pia ni jibu, wewe ndiye uliyenifundisha, na nitalipokea kwa adabu. Ila liseme wewe kwa kinywa chako, nisije nikajijazia mwenyewe tena.

Na ukimtumia mamako ujumbe kwamba utapiga usiku wa Jumapili, sitauliza ni upi. Jumamosi jua likitua nitakaa na simu mapajani. Isipolia, Jumapili jua likitua nitakaa nayo tena.

Babako,
Athmani